Babu Amerudi, Je, Mjukuu Yuko Wapi?

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo hapana aila isiyolijua, ijapokuwa si kila aila hulisema kwa sauti: nalo ni zile sadfa za ajabu zitokeazo baina ya wafu wetu na watoto wetu, na ule usemi, mara kwa mzaha na mara kwa yakini, kwamba fulani aliyekufa amerudi katika fulani aliyezaliwa.

Ni nani miongoni mwetu asiyepata kuusikia usemi huo? Mtoto amezaliwa, bibi amempakata, akamgeuza huku na huku penye mwanga wa dirisha, akakitazama kidole cha mguu kilichopinda, kisha akainua uso na kutamka, "Huyu ni marehemu mtupu!" Wanawake waliomo chumbani wakamwitikia, huyu kwa kigelegele na yule kwa machozi, na tangu saa hiyo mtoto ambaye hata kitovu chake hakijaanguka amekwisha kupewa historia ya miaka sabini.

Nimekusudia kusema nanyi juu ya mambo matatu, na nitayataja mapema ili tusipoteane njiani. La kwanza ni sadfa zenyewe: zatoka wapi, na tuzipime kwa mizani gani? La pili ni imani: watu wa mataifa mbalimbali husadiki nini hasa wasemapo kwamba mtu hurudi? Na la tatu, ambalo ndilo lililonileta hapa leo, ni mtoto: yeye aambiwaye kuwa ni mtu mwingine, ana haki gani juu yetu? Basi, la kwanza sadfa, la pili imani, la tatu mtoto.

Haya, tuanze na sadfa.

Tuseme mzee wa nyumba alifariki katika mwezi wa Rajabu, siku ya Alhamisi, wakati wa alfajiri. Na baada ya mwaka, mwezi ule ule, siku ile ile, alfajiri vilevile, akazaliwa mjukuu. Au tuseme mama mjamzito alimwota shangazi yake marehemu akiingia ukumbini na kifurushi cha nguo, akaketi, akavua viatu, na kila alipoagwa hakuondoka. Au mtoto wa miaka mitatu, ambaye hakupata kumwona babu yake hata mara moja, huweka mikono nyuma atembeapo kama alivyokuwa akiweka babu, na hakubali kutia papai kinywani kama alivyokuwa hakubali babu. Mtu ayaonapo mambo hayo nyumbani mwake, moyo humwenda mbio, na ulimi hutangulia kusema kabla akili haijaketi.

Mambo hayo hutokea, wasikilizaji, nami sitamwambia mtu kwamba hakukiona alichokiona. Lakini kuona ni jambo moja, na kukipima tulichokiona ni jambo jingine. Sasa niruhusuni nikuulizeni swali la hesabu, nalo ni moja tu, wala halina taabu. Mwaka una siku 365. Je, yatakiwa watu wangapi wakutane katika chumba kimoja ili iwe kuna uwezekano uliozidi nusu kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja? Wengi wetu tutajibu kuwa ni watu mia na themanini au zaidi. Jawabu la wanahesabu ni watu 23 tu. Na katika darasa la watoto 40, uwezekano huo hukaribia mara tisa katika kumi! Sababu yake ni nini? Sababu yake ni kwamba hatuulizi kama huyu amelingana na yule. Twauliza kama yeyote amelingana na yeyote, na jozi za kulinganishwa huwa nyingi mno kuliko tudhanivyo.

Sasa ihesabuni aila yenu, msihesabu wa ndani ya nyumba peke yao, bali wahesabuni mashangazi na wajomba, mama wadogo na baba wakubwa, mabinamu na wakwe, walio hai na waliotangulia. Na kila mmoja ana siku yake ya kuzaliwa, siku yake ya kuoa au kuolewa, siku yake ya mauti na siku ya arubaini yake. Katika jamaa kubwa namna hiyo, yangekuwa maajabu makubwa zaidi kama hapana hata siku moja iliyosadifiana na nyingine.

Tena kumbukumbu yetu ni kama mwenye duka aandikaye daftarini mauzo peke yake, wala haandiki matumizi, kisha jioni akalifungua daftari lake na kujiona tajiri. Usiku ule tuliomwota shangazi, na asubuhi ikaja habari ya mimba, umeandikwa, nao utasimuliwa katika kila harusi na kila matanga. Lakini zile nyusiku nyingine zote tulizomwota, na asubuhi hakuja mtu ila muuza maziwa, hazikuandikwa na yeyote.

Na ile mikono ya nyuma, na lile papai? Hapo pana damu, kwa kuwa umbo la mwili na namna ya kwenda hurithiwa, na mjukuu ana sehemu yake katika mifupa ya babu yake. Pana na jambo la pili ambalo twalisahau. Siku ya kwanza mtoto alipoweka mikono nyuma, labda kwa kuwashwa mgongo tu, ukumbi mzima ulicheka kwa furaha, shangazi akamwita jirani aje kutazama, na bibi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Je, mtoto aliyeona kwamba mikono yake imewafurahisha watu kiasi hicho, ataiweka wapi kesho? Ataiweka nyuma. Aghalabu ni sisi wenyewe tumfundishao mtoto kuwa marehemu, kisha tukastaajabu kwamba amefuzu.

Pengine msikilizaji mmoja ataniambia: "Bwana, mambo yote hayo umeyatia katika hesabu, hukubakisha kitu. Je, sadfa haina maana yoyote?" Ni swali la insafu, na halikuulizwa kwetu tu. Daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, alitoa maandishi juu yake mwaka 1952, na humo alisimulia habari ya mwanamke aliyekuwa akimweleza ndoto yake, kwamba amepewa kidani cha dhahabu chenye sura ya mdudu wa jamii ya dundu aliyetukuzwa na Wamisri wa kale. Mara kikasikika kitu kikigonga kioo cha dirisha. Daktari akafungua, akamdaka mdudu hewani, naye alikuwa wa jamii ile ile, mwenye rangi ya kijani ing'aayo kama dhahabu. Akampa yule mwanamke mkononi. Jung alishika rai kwamba mambo mawili yaweza kuungana kwa maana bila ya moja kulisababisha jingine. Wataalamu wengi hawakukubaliana naye, nami sikuja kuwaamua.

Ninalotaka kusema ni dogo kuliko hilo, na labda lafaa zaidi nyumbani. Sadfa haitoshi kuwa ushahidi kwamba mtu amerudi. Lakini yatosha kabisa kutuonyesha ni nani tunayemkosa. Hebu fikirini: kila ukoo una mjomba wake aliyekuwa mlevi, aliyeuza shamba la watu na kukimbia na fedha. Je, mmepata kumsikia bibi akimpakata mtoto mchanga na kusema kwa kigelegele kwamba ni yule mjomba aliyerudi? Hapana! Wapendwa hurudi siku ya kuzaliwa. Yule mjomba yeye hurudi baadaye, siku mtoto alipovunja sahani au aliposhindwa mtihani, na hapo ndipo aambiwapo, "Huyu ndiye mjomba wake hasa." Siku zilizosadifiana zilikuwako kwa wote wawili, mpendwa na mchukiwa, sisi ndio tuliochagua ipi ya kuitazama, na tuliichagua kwa mapenzi au kwa hasira. Basi narudia, kwa kuwa neno hili tutalihitaji mbele: sadfa hutueleza habari za walio hai zaidi kuliko habari za wafu.

Hilo ndilo la kwanza. Sasa tuingie katika la pili, nalo ni imani.

Wengi wa mnaonisikiliza ni Waislamu au Wakristo, na dini zote mbili zimekata shauri katika jambo hili. Mwislamu husadiki kwamba roho iliyotoka imo katika barzakh, ikingoja Siku ya Kiyama, na maulamaa wameikataa tanasukh, yaani itikadi ya roho kuhama mwili huu na kuingia mwili mwingine humu duniani. Mkristo naye husadiki kifo kimoja, hukumu, na ufufuo. Je, yule bibi wa Kiislamu aliyesema "marehemu amerudi" ameiacha itikadi yake? Mtazameni jioni ya siku ile ile: ameketi juu ya mswala wake akimsomea marehemu Yasini, akimwombea makao mema huko aliko. Lau angekuwa amesadiki kweli kwamba mumewe ndiye yule anayelia kitandani kwa njaa ya maziwa, dua ile ingekuwa na kazi gani? Moyo wake wajua kwamba aliyekwenda amekwenda. Ulimi wake ndio uliotafuta njia ya kumtaja tena nyumbani.

Na jambo hili la ajabu, kwamba mtu amerudi na bado yuko huko aliko, si la pwani peke yake. Watazameni ndugu zetu Wakikuyu. Ada yao ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti kadhalika kwa mabibi zao. Mzee Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu mashuhuri juu ya mila za watu wake, aliifuata ada hiyo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba yake aliitwa Muigai na mama yake Wambui. Mwanawe wa kwanza akaitwa Peter Muigai. Na miaka mingi baadaye, kwa mke mwingine, akapata mwana aliyeitwa Uhuru Muigai, ambaye kwa zamu yake alikuwa Rais wa Kenya. Binti yake Margaret, aliyekuwa Meya wa Nairobi, alikuwa Wambui. Na binti mwingine wa mama mwingine akaitwa Wambui pia. Na mwana aliyemfuata Uhuru Muigai akaitwa Muhoho, kwa jina la baba yake mama. Sasa nakuulizeni: kama babu Muigai alirudi, alirudi katika mjukuu yupi? Kwa wenye mila yao swali hilo halina uzito, kwa sababu hawadai kwamba mzee mzima amehama huko na kuingia katika mwili mmoja. Wadai kwamba jina lake na nafasi yake havikuachwa vikapotea, na kwamba wajukuu watano waweza kuvibeba pamoja bila ya kugombana.

Katika Wajaluo pia, marehemu huweza kumjia mtu wa nyumbani katika ndoto akitaka jina lake apewe mtoto. Na mtoto aliaye bila ya kunyamaza hutajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya moja, na lile atakalolisikia akanyamaza ndilo jina lake. Katika Wayoruba wa Nijeria, mvulana azaliwaye baada ya kufa babu huitwa Babatunde, yaani baba amerudi, na msichana azaliwaye baada ya kufa bibi huitwa Yetunde, mama amerudi. Na hapana ajabu kuwakuta mabinamu wawili walioitwa Babatunde kwa babu mmoja. Mwanazuoni wetu John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika, alieleza jambo hili kwa ufasaha: kwamba palipo na imani ya kurudi, kirudicho ni baadhi tu ya sifa za marehemu, na marehemu mwenyewe huendelea kuwa mbali na mtoto aliyeitwa kwa jina lake.

Na sisi wa pwani je? Tuna usomo. Mjukuu aliyepewa jina la babu huitwa somo wa babu, na mara nyingi mama yake hathubutu kulitaja jina lile, kwa kuwa ni jina la mkwe. Basi humwita mwanawe "Babu" au "Bwana", na humkanya kwa adabu kubwa kuliko awakanyavyo ndugu zake. Bibi naye humwita "mume wangu", akamdai nauli na nguo ya sikukuu, na mtoto wa miaka sita akajibu kwamba mshahara haujatoka. Utani huo una kazi yake: hupunguza machungu ya ujane, humpa mtoto mahali pake katika ukoo, na hapana hata mmoja ukumbini asiyejua kwamba ni utani.

Lakini wako watu ambao kwao jambo hili si utani hata kidogo. Jirani zetu Mabaniani, ambao wazee wao walitoka Kachi na Gujarati wakafanya maskani Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, husadiki kwamba roho huzaliwa tena na tena, na kwamba vitendo vya maisha haya huamua hali ya maisha yajayo. Na katika milima ya Lebanoni na Shamu wako Wadruzi, waaminio kwamba roho ya Mdruzi, dakika itokapo katika mwili, huingia katika mwili wa Mdruzi mwingine azaliwaye papo hapo. Hapo hesabu ni nyingine: roho moja, mwili mmoja. Babu hawezi kuwa katika wajukuu watano. Ama ni huyu, ama siye.

Tafadhalini ishikeni tofauti hiyo. Kuna kurudi kwa jina, kunakowapa wengi. Na kuna kurudi kwa mtu, kunakomtaka mmoja. Kwa nini nimeisisitiza? Kwa sababu matata ya nyumbani huanza pale ambapo watu waliorithi mila ya kwanza huanza, bila ya kutambua, kumtendea mtoto kana kwamba wako katika ya pili.

Na hapo ndipo tufikapo katika jambo la tatu, mtoto.

Mwaka 1926 alizaliwa mjini Delhi, Bara Hindi, msichana aliyeitwa Shanti Devi. Alipotimu miaka minne hivi akaanza kusema kwamba kwao si pale, kwao ni Mathura. Kwamba huko ana mume muuza nguo. Na kwamba alikufa baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Wazazi walimnyamazisha, wakidhani ni mchezo wa kitoto utakaopita, lakini haukupita. Hatimaye akalitaja jina la mume, Kedarnath, barua ikaandikwa, na huko Mathura akapatikana mtu wa jina hilo, muuza nguo, ambaye mkewe, Lugdi, alifariki mwaka 1925, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Kedarnath akaja Delhi pamoja na mwanawe, na watu wakashuhudia msichana asiyetimiza hata miaka tisa akimlilia kwa uchungu wa mama mvulana ambaye kwa umri alikuwa kaka yake. Mwezi wa Novemba 1935 kamati ya watu wenye hadhi ikamsindikiza kwa gari la moshi mpaka Mathura, na taarifa ikatolewa kwamba aliitambua nyumba na jamaa. Wengine waliochunguza wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Miaka mingi baadaye mambo ya namna hii yalipata mchunguzi wake mkubwa, Ian Stevenson, daktari wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliyesafiri Bara Hindi, Lebanoni, Alaska na kwingineko akiandika maneno ya watoto wasemao habari za maisha yaliyopita, na ambaye mpaka alipofariki mwaka 2007 alikuwa amekusanya visa zaidi ya elfu mbili. Aliona kwamba watoto hao huanza kusema wakiwa na miaka miwili mpaka minne au mitano, na wakifika miaka mitano mpaka minane wengi wao huacha. Yeye mwenyewe alikuwa na hadhari: kitabu chake cha mwaka 1966 alikiita cha visa viashiriavyo kurudi, hakukiita cha visa vithibitishavyo. Wapinzani wake walisema kwamba visa hivyo vilizidi pale ambapo imani yenyewe ilikwisha kuwako, na kwamba mara nyingi jamaa mbili zilikuwa zimekwisha kukutana na kuzungumza kabla mchunguzi hajafika na kalamu yake.

Lakini mimi, wasikilizaji wangu, nisomapo habari za Shanti Devi, sishughuliki sana na swali la kama alisema kweli. Nashughulika na jambo moja ambalo wote, waliosadiki na waliokanusha, wamelikubali. Kedarnath alikuwa amekwisha kuoa mke mwingine. Na Shanti Devi, aliyeishi mpaka mwaka 1987, hakuolewa maisha yake yote. Uamuzi huo ulikuwa wake, wala sina haki ya kuuhukumu. Hata hivyo yafaa tujiulize: ukumbi ulipojaa wachunguzi, waandishi na watazamaji, kila mmoja akimhoji msichana yule juu ya mume, nyumba na fedha za Lugdi, je, alitokea mmoja wa kumwuliza Shanti shuleni amejifunza nini juma hilo? Wote walimtafuta aliyekufa; na mtoto aliyekuwa hai mbele yao akageuka mlango wa kupitia.

Hayo yatokea hata kwetu, bila ya kamati wala gari la moshi. Mzee amefiwa na mwanawe mkubwa, kijana hodari, fahari ya mtaa. Baada ya mwaka akajaliwa mwingine, akampa jina la marehemu. Jina si kosa. Kosa huanza mtoto afikapo darasani, na kila daftari alitialo mezani hulinganishwa na daftari ambalo halipo tena. "Ndugu yako hakuwa hivi." Mtoto atashindana vipi na ndugu ambaye hatakosea tena milele? Aliye hai hukosea kila siku. Aliyekufa amekwisha kusamehewa yote. Hiyo ni dhuluma, wasikilizaji, ijapokuwa imevaa nguo za mapenzi.

Na iko dhuluma iliyo nzito zaidi. Katika Wayoruba na jirani zao Waigbo, nyumba ikizaliwa watoto wakafa mmoja baada ya mmoja, zamani ilinenwa kwamba ni mtoto yule yule mmoja, mkaidi, ajaye na kuondoka kwa kuwatesa wazazi. Na wako waliotia alama ya chale katika maiti ya mtoto ili wamtambue akirudi. Wataalamu wa huko wakaja kueleza kwamba vingi katika vifo hivyo yumkini vilitokana na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili wakiwa hawana dalili yoyote. Na kila mimba ya wazazi hao ina hatari ile ile ya moja katika nne, iwe ya kwanza au ya tano. Selimundu iko kwetu pia, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa nayo. Basi tazameni: sadfa iliyowatisha wazee, ya vifo vifuatanavyo katika nyumba moja, yumkini mara nyingi haikuwa sadfa, bali ni ugonjwa wenye jina, wenye kipimo na wenye matibabu. Walipomlaumu mtoto kwa ukaidi wa roho, walikuwa wakimlaumu mgonjwa kwa maradhi yake.

Sasa tukusanye tuliyoyasema. Tumesema kwamba sadfa hutuonyesha tunayemkosa, wala haitoshi kuthibitisha kwamba amerudi. Tumesema kwamba mila zetu nyingi zajua kurudi kwa jina, ambako si kurudi kwa mtu mzima. Na tumesema kwamba mtoto hudhulumiwa pale tumgeuzapo kuwa mahali pa kumtafutia mwingine. Je, tufanyeje?

Kwanza, mpeni mtoto jina la mzee wake. Ni hidaya njema. Lakini mkimsimulia habari za somo wake, msimulieni zote: ukarimu wake na ubishi wake, deni alilolipa na deni aliloliacha. Mtoto aliyesimuliwa mtu kamili ataweza kuchagua la kufuata na la kuacha. Aliyesimuliwa malaika ataweza kushindwa tu.

Pili, msimfanye marehemu kuwa fimbo. Mtoto akikosea, mkanyeni kwa kosa lake na kwa jina lake, na yule mjomba aliyeuza shamba mwacheni alale.

Tatu, mliofiwa na mtoto mkapata mwingine, mlilieni wa kwanza, na mpokeeni wa pili. Kila mmoja ana haki yake kwenu, na haki ya huyu hailipi haki ya yule. Na kama vifo vimefuatana nyumbani, au mtoto hupata homa, maumivu ya mifupa na manjano ya macho mara kwa mara, fanyeni dua kama dini yenu iwafunzavyo, na asubuhi mpelekeni hospitali akapimwe damu.

Na nne, ambalo ni jepesi kuliko yote na ndilo tulisahaulo kuliko yote. Leo mtakapoketi kula, yuko mtoto mmoja katika sinia ambaye mmezoea kusema kwamba ni babu yake mtupu. Kabla hamjamweleza marehemu alipenda nini, mwulizeni yeye apenda nini, kisha nyamazeni mpaka amalize jawabu lake, hata likiwa refu, na hata likiwa ni papai.